Kidonge Kimoja Kimoja

Mume wangu alivunja kitanda chetu asubuhi ya Jumatatu, nikiwa jikoni nachemsha chai. Kilikuwa kitanda cha mti mzito chenye nakshi miguuni. Mamake alikuja nacho kutoka visiwa vya kaskazini alipoletwa Malindi kuolewa, kisha akatupatia sisi tulipooana. Niliposikia nyundo nilidhani ni jirani anatengeneza mlango. Kuingia chumbani, namkuta amevaa kanzu safi, mikono ameikunja hadi viwikoni, anang'oa ubao mmoja baada ya mwingine, na uso unamng'aa kama mtu aliyepata habari njema.

"Watoto wa mtaa huu hawana pa kukaa wakisoma," akaniambia. "Nawatengenezea mabenchi. Skuli yangu nafungua leo, baada ya sala ya adhuhuri. Wewe utafundisha sayansi."

Nilijua pale pale kwamba maradhi yamerudi. Nikakaa sakafuni, ubao mmoja mkononi, nikashindwa hata kulia.

Alikuwa mwalimu wa hesabu katika skuli ya msingi, nasi tulikaa mtaa wa Shella, hapo Malindi, pamoja na mamake. Ilikuwa miaka ya themanini. Aliugua mara ya kwanza si muda mrefu baada ya harusi yetu: hakulala, alisema bila kupumzika, aligawa nguo zake na zangu, kisha akaanguka kwenye huzuni hata kunyanyua kijiko kukamshinda. Daktari wa maradhi ya akili wa Mombasa ndiye aliyempa vidonge vyeupe na kutueleza kwamba ndani yake mna lithiamu, metali nyepesi kuliko zote, iliyo jamaa moja na ile iliyomo katika chumvi ya kula. "Ikipungua, maradhi yatarudi," alituambia. "Ikizidi, ni sumu. Nafasi iliyopo katikati ni nyembamba sana." Mume wangu akawa anavimeza asubuhi na jioni, akarudi kuwa yeye. Watu walisahau. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kusahau.

Vidonge tulivichukua kwenye zahanati moja ya hisani, njia ya Kilifi, ambayo leo haipo tena. Mtoaji dawa, kijana wa bara mwenye miwani na sauti ya chini, alivichota kutoka mtungi mkubwa wa kioo na kuvitia katika bahasha ndogo za kaki, bahasha moja kwa kila wiki. Kila bahasha aliongeza vichache vya akiba, mvua isije ikatuzuia njiani. Vile vya akiba sikuvitupa. Niliviacha katika bahasha zake na kuziweka kabatini.

Siku ile ya kitanda, mama mkwe alisimama mlangoni akazitazama zile mbao. Hakupiga kelele. Alijifunga leso kiunoni, akasema, "Hamezi dawa huyu. Anazitia chini ya ulimi, mukigeuka anazitema."

"Nameza, mama," mume wangu akajibu huku akicheka. "Wallahi nameza."

Kuanzia hapo nikawa nasimama mbele yake kila anapomeza. Alifunua kinywa kama mtoto, nami nikatazama chini ya ulimi wake na pembeni mwa meno. Huyu ni mtu aliyefundisha nusu ya vijana wa mtaa kuzidisha na kugawanya. Alimeza, nikaona kwa macho yangu, na bado hakulala. Alizunguka mji mzima akiwaalika watu kwenye skuli yake. Wengine walimwitikia ili apite. Wengine walimfuata nyuma kumcheka.

Tulipofungua bahasha iliyofuata mambo yakageuka. Makelele yakamwisha, nikamshukuru Mungu. Shukrani zangu hazikudumu. Mikono ilianza kumtetemeka, akawa anakunywa maji bila kukoma, anatapika, na maneno yanamtoka yakijikokota. Ijumaa alishikilia kwenda msikitini. Alianguka penye mabomba ya kutilia udhu, mbele ya watu. Wanaume wawili walimleta nyumbani wamemshika makwapani, na mmoja wao akaniambia bila kunitazama usoni, "Dada, mfiche ndani. Kulewa siku ya Ijumaa, hata kama ni maradhi, ni aibu."

"Hajalewa," nikasema. "Hajawahi kuonja tembo la mnazi maishani mwake."

"Mfiche tu, dada."

Kesho yake mwalimu mkuu alikuja, akaketi barazani, akapewa kahawa asiimalize. Alisema kwa adabu kwamba mwalimu apumzike mpaka atakapoitwa. Sote tulielewa kwamba hataitwa.

Alipoondoka, mama mkwe aliniita chumbani kwake. "Mkaza mwanangu," akasema, "nimeamua. Nampeleka kwetu. Kakangu ana ghala nyuma ya nyumba. Atakaa humo, afungwe mguu asijidhuru, asomewe Kurani mpaka atulie. Basi la kaskazini tutapanda wiki ijayo."

"Mama, atakufa mtu akifungwa."

"Na hapa anaishi?"

Nilichokuwa nacho ni wazo moja tu, nalo nilikuwa naliogopa. Niliwaza: huenda mume wangu ni mkweli, na mwongo ni kidonge.

Mimi nilifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha chumvi, kaskazini ya Mambrui nilikozaliwa. Lori la kampuni lilituchukua asubuhi na kuturudisha alasiri. Kazi yangu ilikuwa kupima maji ya mabwawa: yamekolea kiasi gani, mna metali gani nyingine mbali na ile ya chumvi yenyewe. Tulikuwa na kifaa kinachorusha maji kama ukungu ndani ya moto wa gesi. Kila metali huupa moto rangi yake. Ile ya chumvi hutoa manjano. Lithiamu hutoa wekundu wa komamanga. Kifaa kilikuwa na vioo vya kuchuja rangi, kimoja kwa kila metali, na kile cha lithiamu kilikaa droo ya chini hakijawahi kutumiwa, kwa sababu hakuna aliyekihitaji kwenye chumvi.

Mkuu wa maabara alikuwa mzee wa Kikamba, mtu wa maneno machache, aliyekuja pwani kwa kazi akabaki. Nilimwendea nikiwa nimeshika bahasha zangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Kuna nini? Wewe hauko sawa siku hizi."

Nikamweleza yote. Nilidhani nitaona haya, lakini haya zilikuwa zimekwisha tangu Ijumaa. Alinisikiliza, akavua kofia, akajikuna kichwa. "Pima," akasema. "Lakini usitumie ile mashine mpya inayojiendesha. Chokaa ya hivyo vidonge itaziba mirija. Pima kwa mkono, saa ya chakula."

Nikafanya kama tulivyozoea kufanya kwa chumvi. Mtu akitaka kujua lundo la chumvi likoje, huchota huku na kule, akachanganya, akapima mara moja. Nilichukua baadhi ya vidonge vya akiba kutoka kila bahasha, nikavisaga pamoja kwenye kinu cha kauri, nikayeyusha unga kwa asidi kidogo, nikachuja, nikapuliza kwenye moto. Moto ukawa mwekundu. Nilifanya hesabu, nikairudia, nikamwomba mzee aifanye na yeye. Kiasi kilikuwa sawasawa na kilichoandikwa na zahanati.

Nilirudi nyumbani lorini nikiwa nimefunika uso na mtandio. Nilikuwa nimeomba dawa iwe mbovu. Mke gani anaomba hivyo? Lakini dawa mbovu hubadilishwa.

Mume wangu alikuwa amelala mkekani, mikono ameibana mapajani isitetemeke. Nikamwambia.

"Basi mimi ndiye mbovu," akasema.

Asubuhi yake, nikimshikia kikombe cha chai asijimwagie, aliniuliza, kwa ule ulimi wake mzito, "Ulivipimaje?"

"Nilivisaga, nikayeyusha."

"Vyote pamoja?"

"Vyote pamoja."

Akafumba macho. Nilidhani amechoka, kumbe alikuwa anakusanya maneno. "Umepata wastani, mke wangu. Wanafunzi wawili. Mmoja kapata mia, mmoja kapata sifuri. Wastani wao ni hamsini. Darasani hakuna mtu aliyepata hamsini." Akapumua. "Mimi simezi wastani. Nameza kimoja, kisha kingine."

Nilikiweka kikombe chini. Tangu maradhi yarudi hilo lilikuwa neno la kwanza kumtoka lenye sauti ya yule niliyeolewa naye.

Kwa mkono nisingeweza kupima kidonge kimoja kimoja. Kila kipimo kilitaka muda, na basi la kaskazini lilikuwa linangoja. Mashine mpya ndiyo iliyoweza. Ilikuwa imeletwa miezi michache kabla, na fundi wa Nairobi akaja kuifunga. Ilikuwa na sahani ya duara yenye vikombe vidogo ukingoni. Sindano iliingia kikombe cha kwanza ikanyonya, pampu ikaminya mirija, maji yakaenda motoni, na kalamu ikachora kilima kwenye karatasi inayotembea. Kisha sahani ikajisogeza, kikombe cha pili kikaja chini ya sindano, bila mtu kugusa kitu.

Nilimwambia mzee maneno ya mume wangu. Akavuta droo, akatoa karatasi za kuchujia. Halafu akasema, "Chuja mara mbili. Ikiziba, tutazibua."

Iliziba. Ilikuwa imenyonya kikombe kimoja tu, mrija ukavimba, maji yakarudi nyuma yakalowesha meza. Nikaufungua, nikausukuma kwa waya mwembamba, nikaanza tena. Ikaziba tena. Hewa ya pale ilikuwa chumvi tupu, kila kikombe nilichokianika kilipata vumbi lake, na ule umanjano ukawa unachafua rangi niliyoitafuta. Nikaosha vyombo vyote kwa maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi hata chembe, nikavifunika kwa karatasi. Nikachuja mara tatu. Nikiwa nafanya hayo, wenzangu walikuwa wanakula chakula chao na kucheka nje, nami niliwachukia kwa kucheka kwao, watu wasio na kosa lolote.

Hatimaye sahani ikazunguka. Nilikuwa nimeweka kidonge kimoja kutoka kila bahasha. Kalamu ikachora kilima kifupi, kifupi kabisa, kama imechoka. Kisha ikapanda, ikapanda mpaka nikadhani itatoka kwenye karatasi. Kisha kifupi tena.

Kile kifupi cha kwanza kilikuwa cha bahasha ya wiki ya kitanda. Kile kirefu kilikuwa cha wiki aliyoanguka msikitini.

Mzee aliinama juu ya karatasi. "Inaweza kuwa mashine," akasema. "Juma hili imeziba sana. Kidonge kimoja si ushahidi, mama. Watakuuliza ulipima vingapi. Leta vingine."

"Sina vingine, mzee. Vya akiba nimevimaliza. Vilivyobaki ndivyo anavyomeza."

"Basi hapo sijui nikwambie nini."

Njia nzima nilikuwa nikijibishana na nafsi yangu. Nikivipima, hatakuwa na dawa, na siku ya kupewa vingine bado. Nikimwachia, nitakuwa namlisha nini? Labda kidogo mno, labda sumu. Kila nilipogeuka niliona mlango umefungwa.

Nilimkuta ameketi, mamake anamlisha uji. Nikasema mbele ya wote wawili. Mama mkwe aliweka bakuli chini. "Umemtazama mdomoni kama punda," akaniambia, "sasa unataka kumnyang'anya hata dawa? Wewe na moto wenu huko chumvini, mwanangu ni wa kujaribiwa?"

Mume wangu alinyoosha mkono unaotetemeka, akaichukua bahasha kutoka juu ya kabati, akaniwekea kiganjani. Ilimchukua muda.

"Chukua vyote," akasema. "Kama vina kasoro, havinifai. Kama havina, nipelekeni ghalani."

"Usiseme hivyo," nikamwambia.

"Nipelekeni. Nitakwenda kwa miguu yangu."

Mamake akajifunika uso kwa leso, akatoka.

Kesho yake mzee aliniachia mashine asubuhi nzima. Maji ya mabwawa yalingoja. Nilivipanga vidonge kila kimoja na kikombe chake, na kati yake nikaweka maji yenye kiasi cha lithiamu nilichokijua, ili mashine isipate pa kusingiziwa. Kalamu ikachora. Vilima vifupi, virefu, vifupi, vifupi, kirefu. Yale maji niliyoyajua yalitoka sawa kila mara. Hakukuwa na vya kati. Zilikuwa aina mbili za vidonge vyenye sura moja, aina moja haina hata nusu ya lithiamu inayopaswa kuwa nayo, nyingine imezidi sana. Katika bahasha hii ya mwisho vilikuwa vimechanganyika.

Mzee aliikunja karatasi, akanipa. Alikwenda kumwita dereva wa lori, akamwambia anipeleke zahanati mara moja.

Yule mtoaji dawa aliikunjua karatasi juu ya meza yake. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa na maneno makali nimeyapanga tangu Mambrui. Lakini alipofuata vilima vile kwa kidole, nikaona kidole chake kinapunguza mwendo, halafu kinasimama.

"Makopo yalikuwa mawili," akasema. "Yaliandikwa sawa. Kila kitu sawa, hata mhuri. La kwanza lilipokaribia kwisha nikamimina la pili juu yake, mtungini." Akavua miwani. "Makopo yenyewe nilishayatoa. Watu huyaomba ya kuwekea mafuta."

"Wanaokunywa dawa hii ni wangapi?"

"Wachache." Kisha akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Kulikuwa na mama mmoja wa upande wa Takaungu. Aliletwa anatapika, anatetemeka, hajitambui. Tuliandika malaria."

"Yuko wapi?"

"Walimzika," akasema. Yale maneno makali yote yakanipotea, nikaketi kwenye benchi la wagonjwa, naye akaketi upande wa pili wa meza.

Alipiga simu Mombasa kwa yule daktari. Laini ilikatika, akapiga tena. Dawa nyingine haikuwepo, Mombasa haikuwepo, Nairobi waliahidi tu. Daktari aliuliza maswali mengi kupitia kwake kuhusu mashine na kuhusu maji niliyoyaweka kati ya vikombe. Mwisho akatoa uamuzi. Wagonjwa wote waitwe. Anayetetemeka asimamishe dawa siku kadhaa, anywe maji kwa wingi na asiache chumvi. Vidonge vyote vya mtungini visagwe, vichanganywe mpaka viwe unga mmoja, upimwe, ugawanywe kwa mizani katika vijikaratasi.

Ndivyo tulivyofanya. Mtoaji dawa alikuja mwenyewe kiwandani na mtungi mapajani. Alikunja vijikaratasi kama watoaji dawa walivyofundishwa zamani, kingo ndani ya kingo, na mikono yake ilikuwa hodari. Nilichukua vijikaratasi kutoka kila upande wa lundo nikavitia mashinani. Safari hii kalamu ilichora vilima vilivyolingana kama meno ya kitana. Hakuna aliyeshangilia. Yeye alikuwa bado anafikiria Takaungu.

Mama mkwe alikuwa ameshafunga mizigo. Nilimpigia magoti. Nilimwonyesha karatasi na vilima vyake, asivyoweza kuvisoma, nikamwonyesha vifupi na virefu. "Mama, mwanao hakusema uongo hata siku moja," nikamwambia. "Alimeza. Wallahi alimeza kila siku."

Alishika ile karatasi kwa mikono miwili. "Niliapa mbele ya watu kwamba anatema," akasema. Akaanza kufungua mafundo ya mzigo wake, polepole, na machozi yakimwangukia kwenye kamba.

Mume wangu alitulia, lakini si kwa haraka, na kutulia kwake kulikuwa na uchungu wake. Akili ilipomrudia ilirudi na kumbukumbu. Aliniuliza alichowaambia watu wa sokoni. Aliniuliza nani alimwona alipoanguka. Kwa muda mrefu hakutoka mchana. Mikono haikuacha kutetemeka kabisa. Alipokwenda skuli kujaribu kuandika ubaoni chaki ilimkatikia vidoleni, na skuli ikampa nafasi yake mtu mwingine. Tulihamia Mambrui, kwenye shamba dogo la babangu, akawa analima mihogo na njugu. Mamake alikuja nasi. Sikumsikia tena akitaja ghala.

Makopo mapya yalifika. Sikuyaamini. Kila lilipofunguliwa jipya mtoaji dawa alinitumia vidonge kadhaa, na mzee aliniruhusu saa ya chakula kuvitia vikombeni, kimoja kimoja. Vilikuwa vizuri. Lakini kila mara kalamu ilipoanza kupanda kwenye kilima cha kwanza, niliinama juu ya karatasi kama siku ile ya kwanza.

Kisha mzee alistaafu akarudi kwao Ukambani, pampu ya mashine ikafa na kampuni haikuagiza nyingine, nasi tukarudi kupima maji ya mabwawa kwa mkono. Yule mtoaji dawa aliacha kazi, sikujua alikokwenda. Mume wangu alichukua vidonge vyake mahali pengine, kwenye bahasha nyingine, kutoka mtungi mwingine. Asubuhi alikuwa anavitia mdomoni na kunywa maji, nami nikimtazama mikono na macho, siku nzima, nikingoja kuona kilichokuwamo.